Mseto wa dawa za saratani: mbili ni bora kuliko moja?

Daktari akiwaambia kwamba saratani ya nyama za mwili au ya mfupa imeshasambaa, halafu akataja dawa moja au mseto wa dawa mbili tatu, ninyi wawili mnaamuaje? Majaribio yaliyofanyika kuanzia Mulago mpaka Ulaya yana majibu, na mengine si yale tuliyoyatarajia.

Hapa Ushirombo neno mseto halihitaji mkalimani. Ukipimwa ukakutwa na malaria unapewa mseto, na ndivyo ilivyo nchi nzima tangu dawa hiyo ilipoanza kutumika kama tiba ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2006. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anajua kwamba kidonge chake kimoja kina dawa tatu ndani. Anayeanza tiba ya kifua kikuu anameza kidonge chenye dawa nne. Kwa hiyo somo limetuingia: dawa zikiwa nyingi, ugonjwa hauna pa kukimbilia.

Na sio hospitali tu. Ukienda duka la dawa ukasema mgongo unauma, kuna muuzaji atakufungia vidonge vya rangi tatu kwenye kibahasha cha kaki. Ukienda kwa mganga, naye hakupi mzizi mmoja. Ni mchanganyiko, na kadiri mizizi inavyokuwa mingi ndivyo bei inavyopanda na imani nayo inapanda.

Sasa mpenzi msomaji, chukua imani hiyo uiingize kwenye chumba cha daktari wa saratani. Mgonjwa ana miaka thelathini na kitu. Ana mwenzi, ana mtoto mdogo, ana mkopo wa benki. Daktari anasema: “Kuna dawa moja, na kuna mseto wa mbili.” Wewe ungechagua nini? Wengi wetu tungesema mseto bila hata kuuliza. Hapo ndipo ninapokuomba utulie kidogo.

SARATANI ZENYEWE NI ZIPI?

Tunazungumzia kundi linaloitwa sarkoma. Hizi ni saratani zinazoanzia kwenye vitu vinavyoushikilia mwili: misuli, mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na mifupa yenyewe. Sio nyingi kama saratani ya mlango wa kizazi au ya matiti, lakini zina aina zaidi ya 70, na tabia mbaya ya baadhi yake ni kuwashika watu wakiwa bado vijana. Saratani ya mfupa inayoitwa osteosarkoma hupenda kuanza kwenye umri wa kubalehe, mara nyingi karibu na goti. Ndiyo ile unayosikia watu wakisema, “Aliumia mpirani, goti halikupona.”

Kwetu Afrika Mashariki kuna moja tunayoifahamu zaidi: Kaposi. Iliitwa hivyo kwa jina la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Hii inaanzia kwenye kuta za mishipa ya damu na ya maji ya mwili. Inaleta mabaka au vinundu vyeusi au vya zambarau kwenye ngozi, wakati mwingine kwenye kaakaa la mdomo, na mguu unaweza kuvimba ukawa mgumu kama gogo. Ilikuwepo kwenye eneo letu la maziwa makuu kabla hata VVU havijajulikana, lakini VVU vilipoingia ikaongezeka sana. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Yuan Chang na Patrick Moore, waligundua kirusi kinachoisababisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kirusi hicho asiugue, mpaka kinga yake iporomoke.

Daktari akisema saratani “imesogea mbele” maana yake imeshasambaa, kwa sarkoma nyingi ni kwenye mapafu, au imekaa pabaya kiasi kwamba kisu cha daktari hakiwezi kuiondoa yote. Hapo dawa za dripu ndiyo zinashika usukani.

KWA NINI WACHANGANYE DAWA?

Wazo lenyewe ni zuri. Ndani ya uvimbe mmoja chembe hazifanani. Dawa ya kwanza ikiua nyingi, zitabaki chache zinazoihimili, na hizo ndizo zitakazozaliana tena. Ukiongeza dawa ya pili inayoshambulia kwa njia nyingine, unaziba ule mlango wa kutorokea. Ndiyo hesabu ileile ya TB na VVU.

Lakini kuna tofauti kubwa. Dawa za TB zinamlenga mdudu ambaye si sehemu ya mwili wako. Saratani imetokana na mwili wako mwenyewe, kwa hiyo dawa nyingi za kuiua zinagonga na chembe zako nzuri: za damu, za nywele, za utumbo, za mbegu za uzazi. Mseto unafanya kazi vizuri pale madhara ya dawa zake yanapokuwa tofauti, kila moja ikapewa kwa kipimo chake kamili. Zote zikishusha chembe nyeupe za damu kwa pamoja, mgonjwa anapata homa kali na kulazwa, au daktari analazimika kupunguza vipimo mpaka dawa zote mbili zinakuwa nusunusu.

Kwa maana hiyo mseto hauaminiki kwa kuhesabu dawa zilizomo. Unaaminika ukishapimwa kwa haki: wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa kura, hawa wanapewa moja, wale wanapewa mbili, halafu wanahesabu nani kaishi zaidi na kaishije.

ILIANZIA JIRANI TU HAPO, MULAGO

Wengi wanadhani majaribio ya namna hii ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapana bwana! Mwaka 1967, kwenye Hospitali ya Mulago jijini Kampala, kilifunguliwa kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kilianza na ile saratani ya taya ya watoto iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt. Miaka miwili baadaye, 1969, ikaongezwa wodi ya vimbe nyingine, Kaposi ikiwemo. Mmoja wa waliokiongoza mwanzoni ni Mmarekani John Ziegler. Wageni walipoondoka enzi za Idi Amin, Mganda Dk. Charles Olweny akabeba jahazi.

Mwaka 1974 Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya kutibu Kaposi kwa mseto wa dawa tatu: aktinomisini, vinkristini na dakabazini. Fikiria, hiyo ni miaka kadhaa kabla dunia haijasikia neno UKIMWI. Wagonjwa wa ukanda wetu walikuwa kwenye mstari wa mbele wa elimu hii, na wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida tu.

KAPOSI: DAWA MOJA ILIYOISHINDA JOZI

Sasa sikia hii. Kwa miaka mingi kwenye hospitali za Afrika mseto uliozoeleka kwa Kaposi ulikuwa wa dawa mbili, bleomisini na vinkristini. Ni za bei nafuu na madaktari wamezizoea. Wengine walikuwa na matumaini na vidonge vya etoposidi, maana kidonge unameza nyumbani, hakuna kukaa kwenye dripu. Na kulikuwa na paklitakseli, dawa moja ya dripu, ambayo zamani ilionekana ni ghali na inahitaji uangalizi.

Kuanzia Oktoba 2013 mpaka Machi 2018 watu wazima 334 wenye VVU na Kaposi iliyosogea mbele waliingizwa kwenye jaribio moja kubwa katika nchi sita: Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Tanzania haikuwamo, lakini miongoni mwa watafiti walikuwepo majirani zetu kabisa, kama Dk. Naftali Busakhala wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Dk. Fred Okuku wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wote walipewa dawa za VVU. Kilichogawanywa kwa kura ni dawa ya saratani: paklitakseli peke yake, mseto wa bleomisini na vinkristini, au vidonge vya etoposidi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya wiki 48 walihesabu wagonjwa walio hai ambao ugonjwa wao haujaendelea mbele:

• Paklitakseli dhidi ya vidonge vya etoposidi: asilimia 50 kwa 20.
• Paklitakseli dhidi ya mseto wa bleomisini na vinkristini: asilimia 64 kwa 44.

Yaani dawa moja iliishinda jozi! Na kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu haikusubiri mpaka mwisho. Kundi la etoposidi lilifungwa Machi 2016, na la mseto likafungwa Machi 2018, kwa sababu ilishaonekana wazi nani anaumia. Mimi hapo ndipo nilipoheshimu majaribio ya dawa. Bila kura ile, tungeendelea kuamini kwamba mbili ni zaidi ya moja kwa sababu tu hesabu za darasa la kwanza zinasema hivyo.

SARATANI ZA MISULI NA MAFUTA: WAKATI MWINGINE NDIYO, WAKATI MWINGINE HAPANA

Kwa sarkoma nyingine za nyama za mwili, dawa ya msingi tangu miaka ya sabini ni doksorubisini. Utaitambua kwa rangi yake nyekundu, hata mkojo unabadilika rangi siku hiyo. Swali lililowasumbua madaktari kwa miongo mingi ni hili: tukiongeza ifosfamidi, mgonjwa ataishi zaidi?

Watafiti wa Ulaya walilijaribu kwa wagonjwa 455 kati ya 2003 na 2010. Majibu yalitoka 2014. Mseto ulisinyaza uvimbe kwa asilimia 26 ya wagonjwa, dawa moja kwa asilimia 14. Ugonjwa ulikaa kimya kwa miezi 7.4 badala ya 4.6. Safi! Lakini ulipofika kwenye kuishi, waliopewa mseto waliishi wastani wa miezi 14.3, na waliopewa moja miezi 12.8, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema mseto umeshinda. Na madhara yalikuwa mazito zaidi kwa wale wa mseto. Kwa hiyo madaktari wakajifunza jambo: kama uvimbe unabana pumzi au unahitaji kusinyaa ili ukatwe, mseto una kazi. Kama lengo ni kuishi muda mrefu kwa utulivu, dawa moja kwanza si uzembe.

Kisha ikaja olaratumabu. Mwaka 2016 jaribio dogo lilionyesha kwamba ukiichanganya na doksorubisini mgonjwa anaishi miezi 26.5 badala ya 14.7. Watu walishangilia, Marekani ikairuhusu mwaka huohuo kwa masharti kwamba ithibitishwe. Jaribio kubwa la wagonjwa 509 lilipokamilika mwaka 2019, hakukuwa na tofauti. Dawa ikaondolewa sokoni. Ndiyo maana daktari makini akisikia “jaribio dogo limeonyesha maajabu”, hapigi vigelegele haraka.

Lakini usikate tamaa, maana ipo misseto iliyofaulu. Kuna sarkoma ya misuli laini inayoitwa leiomyosarkoma, inayoweza kuanzia kwenye mfuko wa uzazi na mara nyingine ikadhaniwa ni fibroidi ya kawaida. Wafaransa waliwagawa wagonjwa 150: nusu doksorubisini peke yake, nusu doksorubisini na trabektedini. Mwaka 2022 walionyesha ugonjwa ulikaa kimya miezi 12.2 badala ya 6.2, na mwaka 2024 wakaonyesha watu waliishi miezi 33 badala ya 24. Hapo mbili ziliishinda moja, kwa aina hiyo ya saratani, kwa dawa hizo. Sio kwa kila uvimbe.

NA MIFUPA JE?

Kwenye osteosarkoma mseto ni mkombozi wa kweli. Zamani walikuwa wanakata mguu halafu wanasubiri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ukiongozwa na Dk. Michael Link ulikuwa na wagonjwa 36 tu waliogawanywa kwa kura baada ya upasuaji. Miaka miwili baadaye, waliopewa mseto wa dawa kadhaa, asilimia 66 walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa. Waliofanyiwa upasuaji pekee walikuwa asilimia 17. Tangu hapo hakuna aliyebisha tena.

Mseto wa msingi leo una doksorubisini, sisplatini na methotreksati ya kipimo kikubwa. Hiyo ya tatu inahitaji maabara inayoweza kupima dawa kwenye damu kila siku, na pasipo na kipimo hicho madaktari hutumia zile nyingine. Basi watafiti wakajiuliza: kwa wale ambao uvimbe wao haukufa vizuri baada ya dawa za mwanzo, tukiongeza mbili zaidi, ifosfamidi na etoposidi? Nchi 17 ziliungana, wagonjwa 2,260 wakaandikishwa kati ya 2005 na 2011, na 618 wa kundi hilo gumu wakagawanywa kwa kura. Jibu la mwaka 2016: kuongeza hakukusaidia, kuliongeza mateso tu. Kumbe hata mseto mzuri una kikomo chake.

SASA TURUDI NYUMBANI

Haya yote yana maana gani kwa wewe uliyeko Ushirombo, Runzewe, Katoro au Kahama? Nitakuambia nilichokishuhudia. Nina mfanyakazi mwenzangu ambaye mume wake alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Sitasema zaidi ya hapo wasije wakajulikana. Alikuwa na uvimbe pajani, akaukandwa, akachanjwa chale, ukazidi. Kufika Bugando, Mwanza, wakakata kinyama cha kupima, wakapiga picha: sarkoma, na tayari iko kwenye mapafu. Pumzi ilikuwa bado nzuri, anatembea mwenyewe. Daktari akawaeleza njia mbili, doksorubisini peke yake au pamoja na ifosfamidi.

Jioni hiyo tulikaa watatu kwenye chumba cha wageni. Mke akaniambia, “Dada, mwambie shemeji yako akubali hizo mbili. Moja itafanya nini?”

Mume akatulia, halafu akasema, “Shemeji, mimi sijakataa dawa. Nauliza tu, hizo mbili zitanipa siku ngapi za kukaa na mtoto, na ngapi za kulala wodini?”

Kesho yake alimuuliza daktari swali hilohilo, neno kwa neno. Daktari hakukasirika. Alichukua karatasi, akaandika faida upande mmoja na gharama upande wa pili, akiwaeleza kwamba kwa hali yake hakuna uhakika kwamba mbili zingemwongezea maisha, ila zingeongeza siku za kulazwa na zingegusa uzazi zaidi. Wakachagua moja. Aliishi zaidi ya mwaka, muda mwingi akiwa kwake, na alifariki akiwa kwake. Habari yao haithibitishi dawa ipi ni bora, hiyo ni kazi ya majaribio. Ninachokisifu ni lile swali, na kwamba wote wawili walikuwepo lilipojibiwa.

Maana kinachovunja ndoa nyingi kwenye ugonjwa huu sio saratani peke yake. Ni maamuzi yanayofanywa na ukoo bila wenye mwili. Mjomba anasema apelekwe kwa mganga, wifi anasema mke ndiye kaleta mkosi, kaka anasema yeye ndiye anayetoa mshiko kwa hiyo yeye ndiye anayeamua. Kisheria na kimaadili, mtu mzima mwenye akili timamu anaridhia matibabu yake mwenyewe. Mwenzi ni mshauri wa kwanza. Ukoo unakaribishwa, lakini hausaini.

UZAZI, TENDO LA NDOA NA MWILI

Haya mambo watu wanayaonea haya kliniki, kwa hiyo tuyaseme hapa. Dawa nyingi za misseto hii, hasa ifosfamidi na sisplatini, zinaweza kupunguza au kuua uwezo wa kuzaa, kwa mwanaume na kwa mwanamke. Uliza kabla ya dripu ya kwanza, sio baada ya ya sita. Wakati wa tiba mimba isiingie, maana dawa zinaweza kumdhuru mtoto. Tumieni kondomu na njia nyingine atakayoshauri daktari.

Nywele zitatoka, na kwa kawaida zitarudi. Paklitakseli na vinkristini zinaweza kuleta ganzi kwenye vidole na nyayo. Doksorubisini ina kiwango cha maisha kisichozidishwa kwa sababu inagusa moyo. Hamu ya tendo itashuka, na sio kwamba hakupendi tena. Kumshika mkono, kumsugua mgongo, kulala karibu, hayo hayajakatazwa.

Kwa Kaposi kuna jambo la ziada: VVU. Wengine wanamficha mwenzi mpaka baka lifike usoni. Pimeni wote wawili. Na ujue Kaposi inaweza kumpata hata asiye na VVU, kwa hiyo baka sio hati ya hukumu ya uaminifu wa mtu.

MASWALI SABA YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI MSETO

1. Saratani yangu ni aina gani hasa, na imethibitishwa kwa kinyama maabara?
2. Lengo ni kuponya, kusinyaza ili ikatwe, au kutuliza ili niishi vizuri?
3. Mseto huu umejaribiwa kwa aina yangu hii, au kwa saratani nyingine?
4. Ulileta maisha marefu zaidi, au uvimbe kusinyaa tu?
5. Nitalala hospitali siku ngapi, na homa ikinishika niko Ushirombo niende wapi usiku huohuo?
6. Uzazi wangu na moyo wangu vitaguswaje?
7. Gharama yote ni kiasi gani, bima inabeba nini, na dozi ya tatu itapatikana kama ya kwanza?

Hilo la saba lisichukuliwe kwa wepesi. Mseto unaokatishwa katikati kwa kukosa nauli unaweza kuwa mbaya kuliko dawa moja iliyokamilishwa. Safari ya Mwanza imerahisika, maana tangu Juni 2025 Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya pantoni, lakini bado ni nauli, chakula na pa kulala kila baada ya wiki tatu. Wekeni bajeti kama mnavyoweka ya harusi.

UKIAMBIWA UINGIE KWENYE UTAFITI

Wengi wakisikia “majaribio” wanafikiria panya. Jaribio la dawa hapa nchini linatakiwa lipate kibali cha maadili kutoka NIMR na ruhusa ya TMDA. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kufikiri, na uwe na haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza nani analipia dawa na nauli, ukidhurika nani anakutibu, na kura ikikuangukia kundi lingine utapata nini. Kwa kawaida kundi hilo lingine hupewa tiba bora iliyopo, sio kuachwa mikono mitupu.

Na tafadhali, ukiwa kwenye dripu mwambie daktari kama unakunywa mizizi. Ini lako ndilo linalosaga dawa nyingi za hizi. Ukiliongezea mchanganyiko ambao hakuna anayejua kilichomo, umeanzisha mseto wako mwenyewe ambao haujapimwa na mtu yeyote duniani.

USISUBIRI UFIKE HUKO

Mjadala huu wote ni wa saratani iliyosogea mbele. Ikikamatwa mapema, mara nyingi kisu kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote. Uvimbe unaokua, uliozidi ukubwa wa yai la kuku au uliokaa ndani ya nyama, hata kama hauumi, upimwe. Mfupa unaouma usiku kwa wiki kadhaa upigwe picha. Baka la zambarau lisiloondoka lionyeshwe daktari. Usikande, usichanje, usipasue.

Wiki hii mkiwa mmepumzika, kaguaneni. Mgongo, mapaja, nyuma ya magoti, ndani ya mdomo. Mwenzi wako ana macho ya kuona usipojiona mwenyewe. Mkikuta kitu, nendeni wote wawili, na mmoja abebe kalamu ya kuandika majibu ya daktari.